Bafu tulivu kwa nyumba ya vizazi vitatu

Familia nyingi za Waswahili walioko ughaibuni huishi babu, wazazi na wajukuu chini ya paa moja, na aghalabu wote hutumia bafu moja. Makala haya yanaeleza namna chumba hicho kinavyoweza kupewa utulivu na sura ya maumbile bila ya kumhatarisha mzee wala mtoto.

Nyumba nyingi za safu zilizojengwa Uingereza katika zama za Malkia Victoria hazikuwa na bafu. Choo kilikuwa uani, na watu walioga ndani ya karai mbele ya moto wa jikoni. Bafu lilikuja kupachikwa baadaye, ama kwa kukata chumba kidogo cha kulala ghorofani, ama kwa kuongeza kijumba nyuma ya jiko. Ndiyo maana hadi leo mabafu mengi ya nyumba hizo ni membamba, yana baridi, na dirisha lake ni dogo. Katika nyumba kama hiyo, mjini London, ndimo ninamoishi mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, wa mwisho akiwa na miaka 4, na mama yangu mzazi, mwenyeji wa Mji Mkongwe, Unguja, ambaye sasa ana miaka 78.

Miaka miwili iliyopita tulilitengeneza upya bafu letu. Tulikuwa tumezitazama picha nyingi katika majarida ya nyumba, na tulitaka mahali pa kupumzisha roho baada ya kelele za treni na za mji. Tukachagua sakafu ya mawe meusi yaliyosuguliwa yakang'aa, ukingo wa vijiwe vya mtoni, na kuta nyeupe, zote zikiwa rangi moja na choo na beseni. Fundi wa kampuni moja aliifanya kazi iliyopendeza macho. Wageni walisifu.

Baada ya majuma matatu nikaona kwamba gilasi ya maji niliyokuwa nikimwekea mama baada ya sala ya magharibi inalala imejaa. Nilipomwuliza akasema hana kiu. Nilipombembeleza sana ndipo akanijibu: "Mwanangu, nikinywa maji nitaamka usiku. Na humo chooni mwenu mimi sipaoni pa kukanyaga." Alikuwa amejinyima maji ili asiingie katika chumba tulichokijenga kwa ajili ya kustarehe. Kabla ya mwezi kwisha aliteleza alfajiri akitawadha, mguu mmoja ukiwa juu ya beseni la kunawia, akavunjika kifundo cha mkono.

Idara ya Taifa ya Afya ya Uingereza inasema kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopindukia umri wa miaka 65 huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na kwa waliopindukia miaka 80 ni nusu yao. Kwa hiyo mama hakuwa peke yake. Lakini sakafu ile tuliichagua sisi, na hatimaye tuliivunja wenyewe. Haya ninayoyaeleza ni yale tuliyojifunza tulipoanza upya.

Wazo la kuleta maumbile bafuni si geni kwa watu wa pwani yetu, ingawa siku hizi linauzwa kama fasheni mpya. Atakayekwenda Kidichi, kaskazini ya mji wa Zanzibar, ataona hamamu aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Nakshi zake za chokaa ni maua, miti na ndege. Na katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika pembeni, limepakwa chokaa laini, na chini yake limepachikwa bakuli la kauri ya Kichina. Maji yakipungua, bakuli lile hubakia na maji ya kuwatosha samaki wadogo wanaofugwa humo, ambao kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Hapo uzuri na manufaa vilikuwa kitu kimoja. Kosa letu sisi lilikuwa kuuchukua uzuri peke yake.

Je, kuna ushahidi kwamba majani na mbao humtuliza mtu? Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Mmarekani Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science. Aliyapitia majalada ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981. Wagonjwa 23 walilazwa katika vyumba vyenye madirisha yanayotazama miti, na 23 wengine walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni utafiti mdogo, na bafu si wodi, kwa hiyo sitamwahidi mtu kwamba chungu cha maua kitamponya. Hata hivyo, kutokana na utafiti huo wasanifu majengo wameanza kujiuliza swali la maana: mtu akikaa mahali fulani, macho yake yanaangukia nini? Sisi tulilishusha pazia la plastiki lililoziba dirisha, tukaweka kioo chenye ukungu nusu ya chini tu. Sasa aliyekaa anauona mti wa jirani na kipande cha mbingu, na hakuna amwonaye.

Tuanze na sakafu, maana hapo ndipo penye balaa. Jiwe la asili lililong'arishwa huwa utelezi likikutana na sabuni, hata kama ni zuri namna gani. Vijiwe vya mtoni navyo huchoma nyayo za mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba, na mianya iliyo baina yake hukusanya ukungu mweusi. Unapokwenda dukani usiulize kama kigae ni kizuri kwa bafu, kwa sababu muuzaji atakujibu ndiyo. Uliza kipimo chake cha utelezi kikiwa kimelowa. Hapa Uingereza kipimo hicho hupatikana kwa bembea yenye kipande cha mpira inayopitishwa juu ya kigae, na nambari 36 au zaidi huhesabiwa kuwa ina hatari ndogo. Ujerumani wana daraja A, B na C kwa ajili ya miguu mitupu, na C ndiyo inayoshika zaidi. Jambo jingine ni ukubwa wa kigae. Vigae vidogo vina mianya mingi, na mianya hiyo husaidia unyayo kushika. Tulichagua vidogo visivyong'aa, vya rangi ya mchanga mkavu, na sura ya pwani tukaipata bila ya kuleta pwani yenyewe.

Mawe hatukuyatupa. Tuliyapandisha ukutani, tukayapanga ndani ya zidaka mbili zilizochongwa kwa kimo cha mtu aliyekaa, na humo ndimo unamowekwa mswaki, sabuni na kopo. Mtoto wetu mdogo hupenda kuyapapasa anapooshwa.

Rangi nayo inahitaji maelezo, maana wengi hudhani weupe ndio utulivu. Lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosonga na mboni husinyaa, hata mtu wa miaka 60 huingiza machoni kiasi cha thuluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Choo cheupe mbele ya ukuta mweupe juu ya sakafu nyeupe, kwake yeye, ni ukungu mtupu. Na wazee wenye maradhi ya kusahau huweza kukiona kitambaa cheusi kilicholala chini kuwa ni shimo, na sakafu inayong'aa kuwa ni maji. Katika kupima tofauti hiyo, wataalamu wa majengo wa hapa huangalia kiasi cha mwanga ambao kila rangi huurudisha, na hutaka tofauti ya alama 30 hivi baina ya kitu na kilicho nyuma yake. Kwa lugha nyepesi, ukikipiga choo picha isiyo ya rangi na kikapotea ukutani, basi mzee naye hakioni. Ukuta ulio nyuma ya choo chetu sasa ni wa kijani kilichokolea, mfano wa majani ya mkoko, na vyuma vya kushikilia ni vya rangi ya mti wa mninga. Mama alipoingia mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja bila ya kupapasa.

Kuhusu vyuma hivyo, neno moja la tahadhari. Chuma cha kutundikia taulo si chuma cha kushikilia, kitang'oka. Kuta nyingi za ndani za nyumba za huku, hasa zile zilizokarabatiwa, ni mbao za jasi zilizo tupu nyuma. Kabla ya kupachika vigae, fundi aweke plaiwudi nene nyuma ya mahali pote ambapo chuma huenda kikahitajika, hata kama leo hakihitajiki. Gharama yake ni ndogo ukuta ukiwa wazi, na ni kubwa ukishafungwa. Na urefu usisomwe kitabuni. Tulimkalisha mama, tukamwambia ainuke, tukatia alama pale mkono wake ulipokwenda wenyewe.

Mlango ni jambo ambalo sikulifikiria hata siku moja kabla ya alfajiri ile. Mlango wetu ulikuwa ukifunguka kwa ndani, na mama alianguka nyuma yake. Kila tulipousukuma tulikuwa tukimbana. Mlango wa bafu la mzee ufunguke kwa nje au uwe wa kuteleza pembeni, na komeo lake liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu. Mama alilipinga hilo la sarafu kwa ajili ya sitara yake. Tulikubaliana kwamba hatutalitumia mpaka tumwite mara tatu.

Nikirudi kwenye kutawadha, nadhani hapa ndipo vitabu vya wasanifu wa Ulaya vinapotuacha njiani. Vitabu hivyo huzungumzia kuoga, kunawa na kupiga mswaki. Havimjui mtu anayeosha miguu mara tano kwa siku, na kwamba mara ya kwanza ni gizani, mwili ukiwa bado na usingizi. Kwa mzee, kuinua mguu hadi kwenye beseni lililo juu ni kusimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu aliyoilowesha mwenyewe. Dawa yake tunaijua sote tangu utotoni, kwa sababu iko katika kila msikiti: kiti kifupi, na mfereji ulio chini mbele yake. Tuliliondoa hodhi la kuogea, ambalo mama hakuwahi kuliingia hata mara moja, na mahali pake tukapafanya pa kuogea pasipo na kizingiti. Sakafu imeteremshwa kiasi cha milimita 20 kwa kila mita kuelekea kwenye karo, na chini ya vigae kuna utando wa kuzuia maji usio na mwanya, kwani bila ya huo maji yatashuka hadi dari ya jikoni. Pembeni kuna benchi la kimo cha sentimita 45, na mfereji ulio chini ya goti. Mama hutawadha amekaa. Mtoto naye huoshwa hapo matope ya bustanini, na kijana wetu, ambaye hapendi kuulizwa, huosha hapo viatu vya mpira.

Kiti cha choo nacho kiliinuliwa kikafika sentimita 46, na tukawekwa katika majadiliano marefu kuhusu kibla. Kutoka London kibla ni kusini-mashariki, na familia nyingi hupendelea aliyekaa asiielekee wala asiipe mgongo. Mwambie fundi mapema, kabla bomba la maji machafu halijapangwa. Baada ya hapo ni kuvunja.

Mpira wa kustanjia, ule ambao ndugu zetu wa Ghuba huuita shatafu, una kikwazo chake hapa. Kanuni za mwaka 1999 kuhusu vifaa vya maji huuhesabu mpira unaoweza kufika ndani ya choo kuwa ni hatari ya daraja la juu kabisa, yaani la 5, kwa sababu presha ya bomba kuu ikishuka maji machafu huweza kuvutwa kurudi katika maji ya kunywa. Fundi mwaminifu hataunganisha mpira huo moja kwa moja na bomba kuu. Inabidi maji yake yatoke katika tangi dogo la peke yake lenye mwanya wa hewa. Sisi tuliona gharama haistahili. Mfereji wa chini unafikiwa na mkono wa aliyekaa chooni, na kopo linatosha.

Joto la maji linataka uangalifu wa namna mbili zinazopingana. Tangi la maji moto linapaswa kuhifadhi maji kwa nyuzijoto 60, kwani bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana baina ya nyuzijoto 20 na 45. Lakini maji ya nyuzijoto 60 huunguza vibaya kwa muda wa sekunde tano tu, na ngozi ya mzee au ya mtoto haisubiri hata hizo. Usipunguze joto tangini; weka valvu ya kuchanganyia karibu na mfereji, ili maji yatoke kwa nyuzijoto 41 hivi kwenye bomba la mvua. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2010, nyumba mpya zinalazimika kuwa na kizuizi kisichozidi nyuzijoto 48 kwa hodhi la kuogea. Walioko Maskati wana kisa kingine: wakati wa kiangazi tangi lililo juu ya dari hupikwa na jua, mfereji wa baridi ukawa ndio wa moto, na watu huzima mtambo wa kuchemshia ili maji yake ndiyo yawe ya baridi. Huko mtoto asiruhusiwe kufungua mfereji wowote pasipo mkono wa mtu mzima kutangulia.

Kwa mwanga wa usiku tuliweka taa ndogo ya manjano chini ya benchi, inayowaka yenyewe mtu akiingia. Taa kali ya dari humfukuza usingizi, na mzee aliyeamshwa saa nane halali tena.

Mimea niliiacha mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo inayopigwa picha. Bafu lenye dirisha dogo linataka mmea usiohitaji jua kali. Mmoja unaouzwa kila duka la huku ni Zamioculcas, wenye majani manene yanayong'aa, na baadhi ya wauzaji huuita kito cha Zanzibar, kwani asili yake ni Afrika Mashariki pamoja na visiwa vyetu. Mama aliutazama bei akacheka sana. Unavumilia giza na kusahauliwa, lakini utomvu wake huwasha mdomo ukitafunwa, kwa hiyo umewekwa juu mbali na mtoto. Wa pili ni ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa kikoloni Tanga, mwaka 1892. Linapenda unyevunyevu wa hewa, ila majani yake yasimwagiwe maji. Liko dirishani.

Kuna jambo ambalo watu wa redio hulitambua upesi kuliko wengine. Chumba chenye vigae pande zote huirudisha sauti mara nyingi, na mwenye kifaa cha kusaidia kusikia hapati neno lolote. Ukimwita kutoka nje hatakuelewa, na hatimaye unapiga kelele, naye anashituka. Tulifunika dari kwa mbao zinazostahimili unyevu, zenye mifereji myembamba, na nyuma yake kuna sufi ya kunyonya sauti. Sasa chumba kina sauti ya chumba.

Kwa upande wa fedha, wanaoishi England wafahamu mambo matatu. Halmashauri ya mtaa humtuma mtaalamu kupima namna mzee anavyojimudu nyumbani, na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000, kama vile vyuma vya kushikilia, hutolewa bure kwa anayeonekana kuvihitaji. Kwa kazi kubwa kuna ruzuku ya walemavu isiyozidi pauni 30,000, ambayo hutegemea kipato. Na kwa mtu wa miaka 60 au zaidi, kufungiwa vifaa vya kumsaidia kutembea na kuoga hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20, mradi fundi aelezwe kabla ya kuandika ankara. Ruzuku ile iombwe kabla kazi haijaanza. Sisi tulianza kwanza, tukauliza baadaye, na tukalipa wenyewe.

Kasoro bado ipo. Kanuni zinataka feni ya bafuni itoe hewa lita 15 kwa sekunde, na yetu inafanya hivyo kwa mngurumo ambao mama anasema humvurugia nia. Huizima kila anapoingia, na sasa ukungu umeanza tena katika pembe iliyo juu ya zidaka. Kila Ijumaa asubuhi napanda ngazi na kitambaa, naye hukaa kwenye benchi lake akinielekeza mahali nilipoacha.